Telefone inapouliza neno la siri kila mara

 

Leo tunazungumza juu ya telefone inayouliza neno la siri, lile inaloliita «mot de passe», leo, kesho na kesho kutwa, hata ukiliandika sawasawa. Wako wanaosema imeingiwa na kitu. Tutaiombea baadaye, kwanza tutazame tarehe yake.

Hapa kwetu wengi tunachaji kwa jirani mwenye sola. Betri inakufa kabisa, telefone inalala siku mbili. Ikiwashwa, telefone nyingine, hasa zilizozeeka, zinarudi miaka ya nyuma, hata 1970. Sasa, kila mlango wa intaneti una cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Telefone inayodhani tuko 1970 inaona cheti hicho hakijaanza, inakataa kuzungumza na mlango, kisha inarudi kwako na swali lilelile. Katika Waamuzi 12, kwenye vivuko vya Yordani, Waefraimu waliambiwa watamke neno moja, Shibolethi, ulimi ukawashinda, wakaanguka watu 42,000. Kwako ulimi ni mzima, saa ndiyo mbovu. Ingia «Paramètres», tafuta «Date et heure», uiache ifuate saa ya rezo.

Ukiiweka kwa mkono, chagua saa za Lubumbashi. Wako ambao telefone yao imebaki na saa za Kinshasa, nao wanaisukuma saa moja mbele ili ifanane na ya kanisa. Machoni inaonekana sawa, lakini ndani inakosea kwa saa nzima, na zile namba za siri zinazobadilika kila sekunde 30 zitakataliwa.

Nyingine imezeeka tu. Tangu tarehe 27 Septemba 2021 Google haikubali tena mtu kuingia katika akaunti yake kwa Android 2.3.7 na zilizo chini yake. Telefone haikuambii hivyo. Inakuambia neno ni baya, hata likiwa zuri. Usilibadilishe mara kumi. Itumie kwa kupiga na kupokea.

Na si kila swali ni ugonjwa. WhatsApp ukiiwekea namba sita za ulinzi, itakuuliza mara kwa mara kwa makusudi ili usizisahau. Vilevile telefone ikizimwa na kuwashwa itataka kodi yako kabla ya kukubali kidole.

Lakini yanayotuumiza zaidi ni haya. Ukimuuliza mama wa kanisa nani alifungua akaunti ya Google iliyo ndani ya telefone yake, mara nyingi atajibu: yule kijana aliyeniuzia. Kijana aliweka jina alilolitaka, neno la siri analolijua yeye, na namba yake mwenyewe ya kulirudisha likipotea. Mama hakuambiwa kitu. Siku telefone inapouliza neno hilo hana la kujibu, na kijana ameshahamia Kalemie au Lubumbashi. Ndipo anakwenda kwa fundi, na fundi anafuta telefone yote. Picha za marehemu mumewe zinapotea, namba za wanakwaya zinapotea, na swali linabaki, maana Android nyingi tangu 2015, baada ya kufutwa hivyo, zinadai akaunti ileile ya kwanza. Ulinzi huo uliwekwa kuwakomesha wezi. Hapa unawakamata wajane.

Kwa hiyo, mama, usimwachie mtu telefone aifute kabla hujajua akaunti ni ya nani. Wala usiitoe akaunti kwenye telefone ili kuirudisha upya kama hulijui neno lake. Kama unalijua, dawa hiyo ni nzuri, hasa kwa aliyebadilisha neno kwenye kompyuta ya mjini huku telefone ikishikilia la zamani. Lakini andika kwanza namba za watu wako kwenye daftari, kwani zinaweza kuondoka pamoja na akaunti.

Kama telefone yako bado inafunguka vizuri, fanya kazi hii wiki hii. Mpigie aliyekuuzia, akutajie neno la siri. Kisha ingia «Paramètres», halafu «Google», tafuta sehemu ya «Sécurité», uondoe namba yake na kuweka yako, ndipo ulibadilishe neno. Kodi itakuja kwa ujumbe. Iandike wewe mwenyewe, usimsomee mtu, hata akijitambulisha kuwa shemasi. Na uifanye mahali ambapo rezo inashika vizuri, ukiwa na mega za kutosha, isije ikakatika neno la zamani limekwisha kufa na jipya halijapokelewa.