Rangi Si Sababu ya Kung'oa Jino



Huku Arusha na Arumeru, kuanzia Usa River hadi Ngarenanyuki, wengi wetu tuna meno ya kahawia. Chanzo ni madini ya floraidi, yaliyo mengi katika maji ya Mlima Meru. Mtoto huyanywa wakati meno yake yangali yakiumbika ndani ya taya.

Wapo wanaotaka kung'oa meno hayo ili wapandikizwe mengine. Tafadhali, usikimbilie huko. Rangi peke yake si sababu ya kung'oa jino. Mzizi uko hai, nalo linatafuna. Daktari wa meno anaweza kulisugua au kulifunika, likapendeza.

Jino la kupandikiza ni la mtu mwenye pengo. Skrubu ndogo ya titani huingizwa kwenye mfupa wa taya. Mfupa huishika polepole, kwa miezi, ndipo jino hufungwa juu yake. Ni kazi ya gharama kubwa. Mwenye kisukari na mvuta sigara wamwambie daktari mapema, maana vidonda vyao huchelewa kupona.

Narudia: rangi peke yake si sababu ya kung'oa jino.

Nenda Hospitali ya Mount Meru, uonane na daktari wa meno. Muulize: meno haya yanaweza kutengenezwa bila kung'olewa? Na mtoto mdogo mtafutie maji yenye floraidi kidogo, ya kunywa na ya kupikia. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa. Kuchemsha hakuondoi floraidi.