Tuwafungue Watoto Wetu



Nimekuja kuzungumza juu ya skizofrenia. Ugonjwa huu huanza zaidi ujanani, wavulana wakitangulia na wasichana wakifuata baadaye kidogo. Unamkuta mtoto wakati ule ule mzazi anapoanza kumtegemea. Kijana aliyekuwa akichuma kahawa na wenzake anajitenga. Halali usiku. Anaziba dirisha kwa gunia, maana anasikia watu wakimsengenya nje, na sauti hizo kwake ni za kweli kama hii yangu. Mama anaamka saa nane za usiku kumbembeleza ale, anasukumwa. Kukicha, majirani wameshaamua: amerogwa.

Jamani, hayo ni maradhi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa yanampata mtu 1 kati ya 300, watu milioni 24 hivi duniani kote. Urithi wa ukoo unachangia, ila hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake hubaki mzima. Kwa hiyo acheni kuzikataa posa kwa sababu ya shangazi aliyeugua. Bangi nayo huongeza hatari, hasa kwa anayeianza mapema. Vijana, hapo nawasihi.

Kinachoniuma zaidi ni kamba tunazowafungia wagonjwa ndani kwa kuwaogopa. Wagonjwa wengi hawamdhuru mtu. Wao ndio wanaopigwa, wanaoibiwa, wanaobakwa. Na tiba ipo: tangu sheria ya afya ya akili ya 2018 ichukue nafasi ya ile ya 1964, Uganda inataka matibabu haya yapatikane hata kwenye vituo vya afya vya chini, si hospitali ya Butabika peke yake, kule Kampala. Zipo dawa za vidonge, na ipo sindano inayodungwa takriban mara moja kwa mwezi. Zikimkakamaza mgonjwa au kumtetemesha, mrudisheni kwa daktari apunguze au abadilishe. Msizikatize wenyewe.

Wachungaji na mashehe, endeleeni kuomba, lakini mwombeeni mgonjwa akiwa ameshaanza dawa.

Mwenyekiti wa gombolola yetu ya Nyakiyumbu, ombi langu ni moja: wahudumu wa afya wa vijiji wapite nyumba kwa nyumba, wamjue kila aliyefungwa ndani, na familia yake isaidiwe nauli ya kumfikisha hospitali ya Bwera.

Kwa hayo machache, natamka mkutano huu umefunguliwa rasmi.