Dawa ya Zamani, Kazi Mpya: Tusijaribu Nyumbani

(Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la afya)



Kabla hatujaanza, mama mmoja ameniuliza: "Mwanangu, nasikia dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kutibu mwingine. Kijana wangu anaumwa na kichwa wiki ya pili sasa. Nimpe tembe nilizobakisha?" Nitamjibu mbele yenu.

Mama amesikia kweli. Iko homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye kriptokokasi. Kuvu huyu hukaa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Humwingia mtu kwa pumzi, wala haambukizwi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Wengi wetu hatudhuru, lakini ni hatari kubwa kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imedhoofika. Asipotibiwa, hufariki.

Moja ya dawa za kumtibu ni flusitosini. Ilitengenezwa mwaka wa 1957 kwa ajili ya saratani, na huko haikufua dafu. Baadaye watafiti waligundua kwamba inaua kuvu. Ndani ya kuvu mna kimeng'enya kinachoigeuza dawa hiyo kuwa sumu ya kumuua. Seli zetu hazina kimeng'enya hicho. Tangu mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, pamoja na dozi moja kubwa ya amfoterisini inayotiwa kwenye mshipa hospitalini.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Setralini ni tembe za kutibu msongo wa mawazo. Katika maabara iliua kuvu huyu, tena bei yake ni nafuu. Wengi walitumaini. Majirani zetu wa Uganda wakaijaribu kwa wagonjwa 460, Kampala na Mbarara. Wote walipata matibabu ya kawaida. Takriban nusu wakaongezewa setralini, wengine tembe zisizo na dawa. Kufikia wiki ya 18, waliofariki walikuwa 52 katika kila 100 waliopewa setralini, na 46 katika kila 100 wasiopewa. Haikuwasaidia, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati.

Kwa hivyo mama, jibu langu ni hili: usimpe. Dawa mbili zilizoanzia kwenye magonjwa mengine, moja inaokoa, nyingine haikufaa kitu. Waliotofautisha ni watafiti waliopima, si jirani wala mwenye duka. Na kila siku kijana anapomeza tembe zisizo zake, kuvu anazidi kuenea.

Mpeleke kituo cha afya leo, usingoje kesho. Kichwa kisichoacha kuuma, homa, kutapika, shingo kukakamaa, macho kuogopa mwanga au kuchanganyikiwa: hizo si dalili za kukaa nazo nyumbani. Kuna kipimo cha damu cha kumtafuta kuvu huyu, na majibu hutoka kwa dakika chache. Unayeishi na virusi na kinga yako iko chini, uliza kuhusu kipimo hicho hata kabla kichwa hakijauma, na usiache dawa zako za kila siku.

Mama, tukimaliza hapa, mhudumu wa afya atakusindikiza.