Mtoto Aliyeokolewa Ahitaji Jamaa
(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ziwa la Ng'ombe)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi machache mintarafu ya watoto wasio na wazazi katika mtaa wetu. Mwaka huu baadhi yenu mlitaka Chama kijenge makao ya kuwakusanya watoto hao. Kabla ya kujibu, yafaa tutazame nyuma, maana jambo hili si geni upande huu wa Kisauni.

Hapa jirani, mwaka 1875, wamisheni wa Church Missionary Society, wakiongozwa na Padre W. S. Price, walianzisha kijiji cha Freretown kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa baharini, na miongoni mwa waliookolewa watoto walikuwa wengi. Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Je, aliyenyang'anywa mamaye afunzwe na nani? Wamisheni waliwapa malazi, chakula, shule na kazi za mikono. Hatuna budi kuwashukuru.

Waliosaidia kuwapokea walikuwamo Waafrika waliokwisha kupita njia iyo hiyo. William Jones alitekwa utotoni, akaokolewa, akasomeshwa karibu na Nasik, huko India. Mwaka 1864 alirudi pwani yetu kuhudumu Rabai, na mwaka 1885 akafanywa shemasi. Askofu Hannington alipouawa Busoga mwaka uo huo, Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia wa msafara hadi wakafika Rabai. Basi mtoto aliyeuzwa kama mbuzi alikuwa kiongozi wa watu.

Lakini tusiusifu upande mmoja tu. Mnamo 1881 usimamizi wa Freretown ulishutumiwa kwa kuwachapa watu viboko vikali. Wale waliochapwa hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kubisha hodi na kuuliza, "Mwanetu amekosa nini?" Kumwokoa mtoto hakumpi mtu haki ya kummiliki.

Ni nini basi kilichowasimamisha? Kwa maoni yetu, ni kule kuoana, kujenga nyumba zao, na kufanyana ndugu wao kwa wao. Kutoka nyumba hizo alitoka James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, ambaye mwaka 1934 alitoa kitabu Uhuru wa Watumwa. Kengele ya kijiji hicho ingali hai katika jina la Kengeleni, ambapo wengi wetu hushukia matatu kila siku.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kamati yaona kwamba fedha zetu chache zisiingie katika mawe na mabati. Serikali nayo ina mpango wa miaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika malezi ya jamaa. Twapendekeza tumsaidie bibi anayelea wajukuu kwa kuuza maandazi, na jirani aliyekubali kumpokea mtoto wa marehemu kwa idhini ya Afisa wa Watoto. Tuwalipie sare, madaftari na dawa. Tena wanachama wawili, mmoja wao mama, wawe wakiitembelea kila nyumba bila kutoa habari mbele, wamsikilize mtoto mwenyewe. Bila macho hayo, hata nyumba ya jamaa yaweza kuwa gereza.

Twajua makao huonekana na wapitao njia, hupigwa picha, na jina la Chama huandikwa mlangoni. Msaada wa nyumba kwa nyumba hauna kibao. Lakini yatima ni amana kwa Mwislamu na kwa Mkristo, na amana haihitaji kibao.

Wazee wetu, ninyi mwazijua nyumba za mtaa huu kuliko sisi. Twawaomba kila mmoja wenu, kabla hajaondoka hapa, amtajie Katibu nyumba moja yenye mtoto ambaye hana wa kumwulizia.