Kima cha mshahara kilichosahauliwa

Msikilizaji, kima cha chini cha mshahara Burundi kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku hapa Bujumbura, 105 mikoani. Zaidi ya miaka thelathini ikapita bila kuguswa, huku mchele na maharage vikipanda bei. Leo faranga 160 hazinunui hata mkate.

Kweli, kibarua wa ujenzi kule mtaa wa Kinama hulipwa zaidi ya hapo. Lakini hulipwa kwa mapatano tu. Tajiri akimpunja, hana kiwango cha maana cha kudai mbele ya sheria.

Serikali ikiamua, mambo hubadilika: tukumbuke Mei Mosi ya 2006. Rais Pierre Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Kabla ya hapo, mzazi aliyeshindwa kulipa aliweza kuzuiliwa hospitalini. Wodi zilifurika, wauguzi wakalemewa, ila mzigo mkubwa uliwatoka wazazi.

Vivyo hivyo, kima cha mshahara nacho kiinuliwe. Waajiri wadogo watasema hawamudu kima kipya. Basi kipangwe kwa kila sekta, na wakaguzi wa kazi wapewe nguvu. Sheria isiyomlinda anayelipwa kwa siku haijawafikia wengi wa wafanyakazi wetu.