UZI: "Takwimu ziko wazi." Wazi kwa nani?

Wadau, mliniomba niweke hapa nilichosema kwenye mjadala wa wanafunzi. Haya hapa. Hakuna chama, hakuna jina la mtu.

1. Kila mdahalo wa siasa lazima mmoja aseme, "Serikali imeweka kila kitu wazi, ni nyinyi hamsomi." Mwingine anajibu, "Wanaficha kila kitu!" Mimi naona wote wawili wanaruka swali lenyewe.

2. Sheria tunayo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. 2011 tukafungua tovuti ya takwimu huria. 2016 ikaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Sasa tunakwama wapi?

3. Kwanza, umbo. Si mnakumbuka uchaguzi wa 2022? Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa mtandaoni, kila mtu azione. Hatua kubwa, lazima tuiseme. Lakini zilikuwa picha. Ilibidi watu wakeshe wakinakili namba moja moja, na kila runinga ikawa na jumla yake. Hapo uvumi ukapata pa kukaa.

4. Pili, lile swali: "Unazitaka za nini?" Niliulizwa hivyo katika ofisi moja nilipoomba hesabu za basari kwa kila wadi. Rafiki yangu alikuwa ameacha masomo kwa kukosa karo, na nilitaka kujua pesa zilienda wapi. Kisheria, sababu yako haiwezi kukunyima haki hiyo.

5. Tatu, kisingizio cha faragha. Nikaambiwa ati Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza. Jamani, sheria hiyo inalinda mtu, hailindi bajeti. Sikuomba jina la mwanafunzi hata mmoja. Niliomba wangapi, shilingi ngapi, wadi gani.

6. Mwishowe nilipewa fotokopi zilizofifia. Nikakaa siku mbili nikizichapa upya. Jumla ya ukurasa wa mwisho haikulingana na hesabu za kurasa zingine. Pengine ni kosa la kuandika tu. Lakini kama hakuna mtu wa kuchapa, nani angejua?

7. Kwa hivyo fanya hivi. Andika ombi, hata kwa Kiswahili, sheria inakubali. Kutuma ombi hakulipiwi. Omba faili ya jedwali, usikubali picha kama jedwali lipo. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, peleka kesi yako kwa Ombudsman.

8. Na mgombea akija kwenu akiahidi "uwazi", usipige makofi kwanza. Muulize: takwimu gani, kwa faili gani, na nani atazisasisha kila mwaka? Akianza kuzungukazunguka, hilo ndilo jibu lako.

Nani ameshawahi kutuma ombi? Ulijibiwa aje?