Picha Tumeiona, Sasa Tuonesheni Mkataba

 

Nianze na picha mnayoijua wote. Matangi makubwa, gati, meli ya gesi baharini. Kiwanda cha LNG, Likong'o. Imechorwa kwa kompyuta, inang'aa kweli kweli. Lakini ukienda Likong'o kwenyewe, kiwanda hakuna. Kilichopo ni ardhi ya watu walioambiwa wapishe mradi, fidia ikalipwa mwaka 2020.

Mfaransa mmoja, Jean Baudrillard, aliandika mwaka 1981 kwamba siku hizi picha inatangulia kitu chenyewe, mpaka watu wanaishi ndani ya picha. Sisi Lindi hilo hatuhitaji kufundishwa. Mtu anapandisha bei ya kiwanja kwa sababu ya picha. Kijana anaahirisha kununua nyavu, anasubiri ajira ya kwenye picha.

Mimi nasoma sheria. Picha haimfungi mtu, mkataba ndio unafunga. Juni 2022 Serikali ilisaini makubaliano ya awali na Equinor na Shell, kamera zimejaa. Nani hapa ameyasoma? Anyooshe mkono. Sioni.

Basi ipo Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika Tasnia ya Uziduaji ya mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinataka mikataba itangazwe kwa umma. Hatuombi hisani.

Gesi hatuikatai. Ila wakija na bango jipya, kabla ya makofi tuulize: mkataba uko wapi?